Besi yangu inapotea bendi ikianza kupiga

SWALI: Napiga besi kwenye bendi ya dansi yenye magitaa mengine matatu, kinanda, drams na tumba. Nyumbani sauti yangu ni nzito na tamu, lakini tukipiga pamoja unabaki mvumo tu, noti hazisikiki. Nikiongeza sauti, waimbaji wanalalamika. Nibadilishe gitaa?
Mpiga besi, Morogoro

JIBU: Gitaa liache. Kwa dalili hizo, bila shaka kwenye ampu (kikuza sauti) umepandisha besi (sauti za chini) na trebo (za juu), ukashusha midi (za kati). Ukiwa peke yako hunoga, maana hakuna wa kugombania naye nafasi. Kwenye bendi, chini kuna ngoma ya mguu, juu kuna matoazi na solo. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukipigwa wazi hutoa takriban 41 Hz (mitetemo kwa sekunde), na spika nyingi ndogo hazishuki hadi huko. Sikio huitambua noti hiyo kwa sauti za juu zinazofuatana nayo, za 82, 123, 164 Hz na kuendelea. Ukishusha midi unazifuta zile zinazoitamka noti.

Rekebisha mazoezini, wenzako wakipiga. Weka vitufe vyote katikati, kitufe cha besi kishushe kidogo, kisha pandisha midi polepole mpaka noti ziachane. Kama ampu inakuruhusu kuchagua masafa, jaribu kati ya 400 na 800 Hz. Mvumo ukibaki, punguza desibeli 3 hivi kwenye 200 au 250 Hz. Ukipiga peke yako sauti hiyo itakukera, kama mtu anayeongelea puani. Usiiguse.

Gitaa lako likiwa na pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) mbili za mtindo wa gitaa la Jazz Bass, kuzifungua zote sauti mpaka mwisho hupunguza midi. Teremsha moja kidogo tu, utasikia sauti inakaza. Nyuzi zilizojaa jasho nazo hufifisha noti.

Ampu usiibane kwenye kona: kuta mbili na sakafu huzidisha mvumo. Ivute mbele, iinue juu ya kreti la soda, ielekee masikio yako badala ya magoti.

Halafu mtazame mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto ukishuka huko huko uliko wewe, hakuna kitufe kitakachokuokoa. Mwombe apande oktava moja.