Soketi nyuma ya TV ya ukutani: pima plagi kwanza ndo utindue

Mkuu umeuliza ufanyeje hiyo TV yako ya inchi 55 ilale bapa ukutani, maana soketi iko nyuma yake na plagi inaisukuma mbele, alafu waya za king'amuzi zinaning'inia hadi kabatini. Hii kitu imenila hela mara mbili hapa kwangu Sakina, Arusha, ngoja nikupe yaliyonikuta, ni ndefu kidogo vumilia.

Mara ya kwanza shemeji yangu alitoka Marekani akaniletea yale maboksi ya kule ya kuzamisha ukutani, mazuri kweli kwa macho. Ila yametengenezwa kwa kuta za jipsamu, yana vijisikio ukikaza skrubu vinabana bodi kwa nyuma, sasa kwenye tofali la saruji la inchi sita vinabana nini? Na soketi yake ni ya pini bapa ya volti 120, sisi huku ni 230 na plagi ya pini tatu nene. Yapo stoo mpaka leo, wife kayawekea vibanio vya nguo.

Basi nikaita fundi, chalii mmoja wa mtaani anajiamini balaa, nikamwambia zamisha soketi kwa ndani. Hakupima kitu. Akatindua akaweka boksi la chuma kawaida, uso wa soketi ukaja sawa na lipu, yaani tulipoanzia ndo tulipoishia! TV yangu ilikuja na plagi ya pini mbili kwa hiyo kuna adapta juu yake, na breketi ni ile nyembamba inaacha kama sentimita 2 na nusu tu kati ya TV na ukuta. Haingii hata kwa maombi.

Kibaya zaidi, waya wa HDMI alitaka kuupitisha paipu moja na umeme, ile kondiuti ya milimita 20. Kichwa cha HDMI hakipiti humo. Nimetoka kuchukua maji ya kunywa narudi nakuta ameshakikata kichwa, ananiambia bro tutaunga huku juu. Mkuu ule waya kichwani una pini 19 sio waya wa spika ule! Nikamlipa nauli tukaagana.

Mara ya pili nikatumia akili. Chomeka plagi yako kwenye soketi yoyote, weka rula, pima imetokeza kiasi gani. Mi kwanza niliachana na adapta, nikakata ile plagi ya pini mbili nikafunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3 (TV ya wati 120 haifiki hata ampia moja, fyuzi ya 13 hapo ni kama hakuna fyuzi). Ikatokeza sentimita 4. Breketi inanipa 2 na nusu, kwa hiyo nikitaka nafasi ya kupumua, uso wa soketi uzame 3 na nusu toka kwenye lipu, na nyuma ya huo uso kuna boksi la chuma la milimita 25. Jumla kishimo cha sentimita 6, ukuta ni 15, salama. Usizidishe kama upande wa pili kuna soketi ya chumbani, gonga uangalie kabla.

Kishimo kiweke pembeni ya breketi, sio katikati yake, bolti za breketi zinahitaji tofali zima. Na angalia nyuma ya TV tundu la umeme liko upande gani na HDMI upande gani, mi ni pande mbili tofauti, kwa hiyo nina vishimo viwili.

Sasa paipu, na hapa ndo wengi wanabania hela. Umeme upite kondiuti yake peke yake, waya wa milimita za mraba 2.5 pamoja na eathi, na boksi la chuma lifungwe eathi. HDMI, waya wa dishi na wa intaneti vipite paipu nyingine ya inchi moja na nusu, ile ile ya maji machafu, kona ziwe za kupinda taratibu maana kwenye elbo kali kichwa kinakwama. Acha kamba humo ndani. Mwaka kesho ukinunua king'amuzi kingine unafunga waya kwenye kamba unavuta, bila kumwita mtu. Mifereji iwe wima tu, ishuke moja kwa moja, usikate mshazari kufupisha njia, siku mtu anatoboa ukuta atundike picha ya harusi atakutana na waya.

TV gadi, kile kifaa cha kuilinda TV umeme ukipanda au kushuka, usiiweke huko nyuma, ni nene na taa zake hutaziona. Nilipata ile ya kufungwa moja kwa moja kwenye waya, iko chini nyuma ya kabati pamoja na swichi yenye fyuzi, ndo inalisha soketi ya juu. Nikitaka kuzima nazima chini, siingizi mkono nyuma ya TV.

Kutindua na kulaza paipu nilifanya mwenyewe na kijana mmoja, patasi na grinda, vumbi mpaka kwenye sufuria, hamisha makochi kabisa. Kuunga umeme nikamwachia fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), akazima meni swichi, akapima na tesita ndo akagusa.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe, weka trankingi ya plastiki, ule mfereji wenye mfuniko unaobandikwa juu ya ukuta kuficha waya, ipake rangi ya ukuta, na soketi ihamishiwe pembeni ya TV. Sio nzuri sana ila waya hazionekani.

Ukishalaza paipu piga picha na futi ikiwa imelazwa ukutani, kabla ya lipu, alafu itupie hapa tuone kabla hujaziba.