Jibu: Corolla inayozima ghafla ikishapata joto

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Corolla yako ya miaka ya 1990 huzima ghafla ukitoka Buzuruga kuelekea Kisesa, huko Mwanza, kisha huwaka ikishapoa, na kwamba fundi amekwisha kubadilisha pampu ya mafuta bila mafanikio. Nakusihi usinunue kifaa kingine kabla ya kujua kama kinachokosekana ni cheche ya umeme inayowasha petroli ndani ya injini, au ni mafuta yenyewe. Injini iliyokosa mafuta kwa kawaida hukohoa na kupoteza nguvu kwanza; iliyokosa cheche hukata mara moja, na maelezo yako yanafanana na hili la pili.

Tembea na plagi ya akiba. Gari likizima, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye hiyo ya akiba, uilaze ikigusa chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli, usiishike kwa mkono, kisha mwenzako apige stata. Cheche isipoonekana, au ikiwa hafifu na ya manjano, shuku koili kwanza, yaani kifaa kinachokuza umeme wa betri ili utoe cheche, kwa sababu waya wake wa ndani ukichoka huachana kwa joto na kugusana tena ukipoa. Ndiyo maana vipimo vya gereji vya asubuhi huonyesha kuwa ni nzima. Ipimwe ingali na joto. Cheche ikiwa na nguvu, kagua rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, na soketi yake.