Binti Yangu Ndiye Mkalimani Wangu

SWALI: Tulihama Bukavu, huko Kongo, miaka sita iliyopita na sasa tunaishi Kayole. Kwa kuwa Kiingereza sikijui, binti yangu mwenye umri wa miaka 15 ndiye hunisomea barua, hunisindikiza kliniki na kunisemea kwa mwenye nyumba kodi inapochelewa. Siku hizi hujifunika shuka mapema, nikimsemesha hunijibu kwa Sheng, na nikisema "bintu" badala ya "vitu" hunicheka. Je, Nairobi imemharibu? – Mama, Kayole

JIBU: Mama, Sheng isikunyime usingizi, kwani watoto wa Kayole wote huizungumza, na wazazi waliozaliwa humu humu nchini huilalamikia vilevile. Kilichonishtua katika barua yako ni kodi. Mtoto anayesimama mlangoni akimsihi mwenye nyumba kwa niaba ya mama yake huibeba kodi ile hadi kitandani, tena hana wa kumweleza. Jambo hili limechunguzwa miongoni mwa familia za wahamiaji katika nchi nyingi: mtoto huipata lugha ya ugenini upesi kuliko mzazi, kazi za watu wazima zikamwangukia, ilhali nyumbani bado anaamrishwa kama mtoto mdogo, na hapo ndipo ugomvi na kununa huanzia. Sisemi kwamba kila ukalimani hudhuru, kwa maana wapo vijana wanaoonea fahari kuwasaidia wazazi wao. Lakini kukusomea tangazo la shule si sawa na kuwa wa kwanza kusikia daktari akieleza ugonjwa wako.

Kwa hiyo, kliniki nenda na mtu mzima unayemwamini, labda jirani au mwenzako wa kanisani. Kwa mwenye nyumba, jisemee mwenyewe kwa Kiswahili chako cha Bukavu. Habari ya pesa ataielewa tu. Kisha mwambie binti yako waziwazi kwamba kodi si mzigo wake, na siku mnapotwanga sombe (majani ya muhogo) pamoja, muulize anakumbuka nini kuhusu kwenu, halafu umsikilize bila kumsahihisha.

Hata hivyo, ikiwa kwa wiki mbili au zaidi halali vizuri, hali chakula au amewakwepa marafiki, mpeleke kituo cha afya. Akitamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake na umpeleke siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku, nawe mzazi unaruhusiwa kuipiga.