Kutia 5532 mahali pa 4558: cheki umeme kwanza

Ukifungua miksa ndogo au amplifaya ya zamani, kwenye sehemu ya toni mara nyingi utakuta opampu (chipu ndogo ya kukuza sauti) aina ya 4558. Wengi huing'oa na kutia opampu nyingine, NE5532, papo hapo, maana miguu ni ile ile: wa 8 chanya, wa 4 hasi, 1 na 7 za kutoa sauti. Inaingia na inalia. Shida huja baadaye.

5532 hula umeme kama miliampea 8. 4558 hula karibu 3. Sasa chukua amplifaya ya voliti 35 kila upande (chanya na hasi), inayoshushwa hadi 15 kwa zena (daiodi inayoshikilia voliti) na rezista ya 2.2k (kilo-omu 2.2). Rezista hiyo hupitisha miliampea 9 tu. 4558 mbili zinatosheka, lakini 5532 mbili zinataka 16, kwa hivyo voliti zinaporomoka na sauti inapasuka ukiongeza volyumu. Weka 1k ya wati 1, kila upande, kisha pima kila mguu dhidi ya graundi (waya wa sifuri): uone karibu 15 chanya kwenye wa 8 na karibu 15 hasi kwenye wa 4.

Bado kwenye umeme: chomelea kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 chini ya bodi, kati ya mguu wa 8 na wa 4, miguu yake mifupi kabisa. Bila hiyo chipu yenye kasi inaweza kujipigia mawimbi usiyoyasikia. Utaijua kwa joto: imewaka kama pasi na hakuna muziki. Ikiendelea, tia kapasita ya pikofaradi 22 sambamba na rezista ya kurudisha sauti, ile inayotoka mguu wa kutoa hadi mguu hasi wa kuingilia.

Volyumu ikianza kukwaruza baada ya kubadilisha, usikimbilie kuilaumu. Mguu wa kuingilia wa 5532 hupitisha takriban nanoampea 200. Kwenye volyumu ya 100k hiyo ni milivoliti 20 zinazocheza kila ukizungusha. Tia kapasita ya mikrofaradi 2.2 baada ya volyumu, na rezista ya 100k kutoka mguu wa kuingilia hadi graundi. Au tumia opampu ya OPA2134, ambayo haina tabia hiyo. Opampu ya TL072 pia haina, ila ina kelele ya shhh zaidi. Kwa maikrofoni siipendekezi.

Kuna 5532 bandia, 4558 iliyoandikwa upya. Ipime kwa voliti 15 kila upande bila sauti: ikila miliampea 3, rudisha dukani.

Kwa hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa, hasa Nyali na Likoni karibu na bahari, soketi za vibati hushika kutu na upande mmoja hukatika ukigusa. Nunua zenye matundu ya mviringo, ama chomelea moja kwa moja.

Kabla ya kuunga spika, pima mguu wa 1 na wa 7 dhidi ya graundi. Ukiona zaidi ya milivoliti 100, zima kwanza, utafute kilichokosewa.