Kifua cha Mtoto Kinachobana Mara kwa Mara: Tuliyopitia Kabla Pumu Haijatajwa

Binti yangu wa kwanza alizaliwa Tanga, wiki tano kabla ya siku zake kutimia, na alipofika miezi saba kifua chake kilianza kutoa mluzi mwembamba kila alipopatwa na mafua. Kabla hajatimiza miaka mitatu alikuwa ameandikiwa nimonia mara sita katika vituo vitatu tofauti, na kila mara tulirudi nyumbani na chupa ya antibiotiki, bila mtu yeyote, nami nikiwemo, kuziweka safari zile sita pamoja na kuzitazama kama jambo moja. Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye sasa yuko katika safari ya pili au ya tatu.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mtoto mdogo anayetoa mluzi kifuani si lazima awe na pumu. Njia zake za hewa ni nyembamba mno, hivyo virusi vya kawaida vya mafua vinapozishambulia, kuta zake huvimba kidogo tu, ute ukajaa, na hewa ikapita kwa shida. Watafiti wa Tucson, nchini Marekani, ambao tangu mwaka 1980 waliwafuatilia watoto kuanzia kuzaliwa, waliona kwamba zaidi ya nusu ya wale waliotoa mluzi kabla ya kufikisha miaka mitatu walikuwa wameacha kabisa walipofika sita. Kwa hiyo mwenye kukuambia kwamba mtoto atakua na yataisha hakudanganyi. Ila hasemi kweli kwa kila mtoto.

Wale ambao hayaishi, mara nyingi hujionyesha mapema kwa mwenye kutazama. Mmoja wa wazazi ana pumu au aliwahi kuwa nayo, ngozi ya mtoto ina ukurutu, anakohoa usiku wa manane hata kama hana mafua, na akikimbia au akicheka sana kifua kinabana. Ndani ya mtoto huyu njia za hewa hubaki na uvimbe hata katika siku anazoonekana mzima, na misuli inayozizunguka hukaza kwa sababu ndogo kama vumbi la ufagio au moshi wa jikoni. Binti yangu alipata ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti akiwa na miezi mitano, nasi tukaupaka mafuta ya nazi tukidhani ni joto. Upande wa baba yake hakuna aliyewahi kutamka neno pumu. Ni wifi yangu aliyeniambia siku moja tukichambua mchicha, "Wifi, huyu amemrithi kaka, naye utotoni alikuwa na kifua." Nilijifunza siku ile kwamba katika familia nyingi ugonjwa huu hufichwa chini ya neno "kifua" kwa kuogopa aibu, na mtoto ndiye anayelipa gharama ya staha hiyo. Waulizeni wazee kwa upole, lakini waulizeni.

Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana na aliyelala nami wodini usiku mwingi, alishauri mtoto apelekwe akakatwe kimio. Nilikataa, na nitaendelea kulisema hili bila kificho: kimio kiko kooni, ilhali pumu iko ndani ya mapafu, na kukikata hakufungui chochote bali kunaweza kuleta damu nyingi, usaha au pepopunda.

Mabadiliko ya nyumbani yalituwia magumu kuliko dawa. Katika siku arobaini za uzazi chetezo kilikuwa hakipoi chumbani kwetu, ubani asubuhi na udi jioni, na usiku tuliwasha dawa ya mbu ya kuzunguka huku jiko la mkaa likiwa mlangoni. Moshi ni moshi, hata uwe na harufu nzuri. Tulihamishia jiko uani, tukategemea chandarua, na mama mkwe akakubali kufukiza nguo zake mwenyewe nje. Mito ya sufi tuliiondoa, kwa sababu unyevu wa pwani huwapendeza utitiri wa vumbi wasioonekana kwa macho, na godoro tulilizoesha jua. Hayo hayakumponya mtoto, lakini usiku wa kukohoa ulipungua.

Kilichotuvusha ni daftari. Wifi alinishauri niandike tarehe ya kila shambulio, kama kulikuwa na mafua au la, alilalaje, alipewa dawa gani na baada ya muda gani akapata nafuu. Daktari wa watoto aliyelisoma alinieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hawezi kupuliza vizuri kwenye kipimo cha mapafu, kwa hiyo historia yenyewe ndiyo kipimo kikuu. Alianzishiwa dawa ya kinga ya kuvuta kwa pampu, asubuhi na jioni, tukapangiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Na maendeleo yake katika miezi hiyo yalithibitisha kilichoshukiwa, kwamba ni pumu.

Majirani walinitisha kwamba mtoto akishazoea pampu haiachi tena. Pampu haina ulevi, na kwa kuwa dawa yake huenda moja kwa moja kwenye mapafu, huhitajika kiasi kidogo kuliko cha vidonge au sharubati. Mtoto mdogo asiyeweza kuvuta pumzi wakati uleule pampu inapobonyezwa anahitaji chombo cha plastiki cha kuunganisha na pampu. Penye uhaba, chupa safi ya maji ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kulingana na mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri hufanya kazi hiyo, kama watafiti wa Cape Town walivyoonyesha mwaka 1999. Mwombeni muuguzi awaonyeshe kwa vitendo, na mtoto asukutue au apewe maji kila baada ya dawa ya kinga.

Sasa ana miaka minane, na mwalimu wake anayo pampu ya pili. Hata hivyo, yapo yasiyosubiri daftari. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, pua zikitanuka, akishindwa kunyonya au kumaliza sentensi, akilegea au midomo ikigeuka rangi, mketishe wima, mpe dawa ya kufungua njia za hewa kama mlivyoelekezwa, na muondoke kwenda hospitali papo hapo, mkiendelea kumpa mkiwa njiani.