Angalia pichi kabla ya majina

Kaka, unauliza kwa nini timu yako ya fantasi ya kriketi, ile ya kuchagua wachezaji halisi kwa bajeti na kuvuna pointi zao, ilifanya vizuri Mumbai halafu ikaanguka Chennai na wachezaji walewale. Ni pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja mpira unapodundia. Chepauk, uwanja wa Chennai, mara nyingi ni kavu na nzito: mpira unashika ardhi, unachelewa kufika, mpigaji anajikuta ameshamaliza kupiga. Pale naweka warushaji wa spini (wanaozungusha mpira kwa vidole au kifundo) watatu bila kusita. Wankhede, uwanja wa Mumbai, mpira unaruka na kuja vizuri kwenye bati, basi chukua wapigaji wa mwanzo. Bengaluru mipaka ya uwanja iko karibu, wapigaji wanaivuka kirahisi, usimalizie bajeti kwa warushaji.

Ila kubwa ni umande. Usiku ukiona mrushaji anafuta mpira kwa taulo kila saa, spini imekufa, vidole havishiki. Hapo wapigaji wa timu inayopiga ya pili ndio wenye pointi. Kwa hiyo subiri tosi, ile sarafu inayorushwa kabla ya mechi, ujue nani atapiga wa pili. Mechi za usiku za IPL, ligi ya kriketi ya India, huanza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, tosi nusu saa kabla. Mimi hata hapa Dar, Upanga, kwenye uwanja wa Annadil Burhani, huibonyeza pichi kwa kidole gumba asubuhi. Ikibonyea, warushaji wa kasi wanaanza.