Re: Josephus karuka ndama ya dhahabu au kitabu changu kimekatika kurasa?

Habari mkuu. Kitabu chako kizima, usihangaike kutafuta kingine. Ndama wa Kutoka 32 hayumo kabisa kwa Josephus, yule mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, kwenye kitabu chake cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, hata mimi nilipakua nakala tatu nikidhani ni mbovu.

Cheki kwanza alikuwa anamwandikia nani. Jamaa yuko Roma, anaandika Kigiriki, vitabu 20, kamaliza mwaka 93 au 94 enzi za Domitian, kaisari wa Roma, Yerusalemu ilishachomwa mwaka 70 na Wayahudi wanasemwa vibaya, sasa aanze kusimulia mababu zake wakicheza mbele ya ndama? Sababu mwenyewe haitaji, hayo ni mawazo yangu, ila mchezo unajirudia. Musa kumuua Mmisri, kimya. Mkono wa Musa ulioingia ukoma, yeye anasema tu uligeuka mweupe kama chokaa, maana kulikuwa na uzushi kwamba Musa alikuwa mkoma.

Halafu cha kuchekesha, mwanzoni kaahidi haongezi wala hapunguzi kitu kwenye Maandiko, mara Musa anakuwa jenerali wa Misri anawapiga Waethiopia na kumuoa Tharbis binti mfalme, duh!

Fanya hivi, soma kitabu cha 2 na cha 3 sambamba na Kutoka, weka alama kila anaporuka. Ukifika pale bahari inapogawanyika mbele ya Musa, utaona anamleta Alexander Mkuu, kwamba hata bahari ya Pamphylia ilimpisha na jeshi lake, kisha anasema kila mtu aamue anavyopenda.